Robo Tatu ya Kikosi

Jina lilikuwepo, tena kwa wino mweusi usio na wasiwasi wowote: Lemuel Haskett, mstari wa mwisho kabisa wa kombania G, tarehe mbili Januari 1864. Harlan Beede aliinama juu ya orodha na kioo chake cha kukuzia, akaweka pembeni karatasi ambayo Haskett mwenyewe alimwandikia jana dukani. Akatazama H ya huku, akatazama H ya kule. Zilifanana. Zilifanana mno, hata akaona kazi ya siku tatu inaishia pale pale mezani kabla ya chakula cha mchana.

"Umeridhika?" aliuliza Jaji Orrin Penhallow.

Wakati wa vita Penhallow alikuwa kapteni wa kombania G. Sasa, mwaka 1887, alikuwa jaji wa wilaya, mwenyekiti wa umoja wa maveterani, na juu ya hayo mwandishi wa historia ya utumishi wa Kikosi cha 57 cha Wisconsin, kurasa mia nne na ushei, zilizopangwa mafungu mafungu mbele yake. Hapa Corliss Mills, Penhallow akisema imenyesha, watu wanaingiza nguo ndani.

"Bado," alisema Beede.

"Bado nini tena? Januari alisaini miaka mitatu mingine. Oktoba akaweka bunduki chini, akaondoka. Mtu wa namna hiyo ana jina moja tu. Mtoro."

"Yeye anasema hakusaini. Anasema miaka mitatu ya kwanza ilipoisha aliaga, akaenda kwao."

"Ulitaka aseme nini? Wewe vitani ulikuwa wapi, Bwana Beede?"

"Virginia. Karani wa kikosi."

"Ala! Karani!" Jaji alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe ulipigana na wino."

"Na wino ulinishinda mara nyingi, Mheshimiwa. Ndiyo maana siuamini."

Jaji aliacha kucheka. Beede hakumjali, alikuwa mkaguzi maalumu wa pensheni kwa mwaka wa tisa, na wakubwa wa miji midogo alikuwa amewazoea. Kilichomkera ni muda. Haskett alikuwa ameomba mara mbili afutiwe alama ya utoro inayomnyima pensheni, na mara mbili amekataliwa. Ombi hili la tatu ndilo la mwisho. Ripoti ya Beede ilipaswa kuondoka na treni ya kesho Ijumaa, saa kumi jioni, na ikisema alama ibaki, faili linafungwa na mtu anazikwa na jina hilo. Tena Jumamosi lingefunuliwa jiwe la kumbukumbu pale uwanjani mbele ya mahakama, majina yote ya kombania G yamechongwa. La Haskett halimo.

Beede aliomba ukurasa wa historia unaohusu Januari ile. Akausoma, kisha akachukua penseli akapiga hesabu kwenye kiganja cha mkono, kama alivyokuwa akifanya kambini karatasi zikiisha.

"Askari mia tatu na nne walikuwa na haki ya kujiandikisha upya. Waliosaini mia mbili ishirini na nane. Hiyo ni robo tatu kamili, Mheshimiwa. Hakuzidi hata mmoja."

"Mungu alitupenda."

"Na angepungua mmoja?"

"Unaijua amri kama ninavyoijua mimi," Jaji alisema. "Robo tatu wakisaini, kikosi kinabaki na namba yake na bendera yake, na waliosaini wanakwenda nyumbani pamoja siku thelathini. Robo tatu isipotimia, hakuna kikosi. Bendera inafungiwa sandukuni, na vijana wangu wanagawiwa kwa watu baki. Lakini ilitimia! Februari tulishuka stesheni hii hapa, namba yetu kofiani, na Haskett alikuwa nasi. Nilimwona kwa macho yangu kanisani, anakula pai."

"Pai ya nini?"

"Ya tufaha," Jaji alijibu bila kusita.

Beede aliandika: pai ya tufaha. Akaomba kuazima orodha yenyewe, akachukua kofia yake.

Duka la Haskett lilikuwa mkabala na posta. Juu ya mlango kulikuwa na ubao, L. HASKETT, MATANDIKO YA FARASI, herufi kubwa za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anashona kola ya farasi wa kukokota magogo, sindano kubwa kama msumari. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, kifua kibovu. Hakusimama.

"Thirza!" aliita. "Karani amerudi. Mpe kahawa, asije akaandika tumemnyima."

"Aandike anavyotaka, kahawa ipo," mke wake alijibu toka ndani, akatoka na birika. Bi Thirza Haskett alikuwa mfupi, mnene, na uso wa mtu asiyeomba njia.

Beede hakuzunguka. "Mzee, nimeuona mkono wako kwenye orodha. Unafanana na ulioniandikia jana."

"Basi aliyeandika ni fundi."

"Ni hilo tu la kusema?"

"Unataka nilie?" Haskett alivuta uzi mpaka ukalia. "Niliapa miaka mitatu. Nikatoa miaka mitatu, siku kwa siku. Kapteni alinijia mara nne nisaini tena. Mara ya kwanza na tumbaku. Mara ya pili na habari za bendera. Mara ya tatu akanikumbusha marehemu baba yangu. Mara ya nne na matusi. Mara zote nne nilimwambia hapana. Oktoba nikampa sajini bunduki yangu, nikaomba cheti cha kumaliza. Kapteni akasema tuko njiani, kitakufuata, akanipa kikaratasi cha kupitia barabarani. Kikaratasi wakakichukua askari wa reli, Nashville. Cheti mpaka leo kinanifuata."

"Hukurudi kudai?"

"Kudai kwa nani? Niliposikia wameniandika mtoro vita vilishaisha. Hebu niambie, wewe msomi. Mtoro gani anarudi kwake mchana kweupe, anafungua duka mbele ya posta, anatundika jina lake juu ya mlango?"

"Jaji anasema alikuona hapa mjini Februari ile, wakati wa likizo. Kanisani, unakula pai ya tufaha."

Bi Thirza aliweka birika chini kwa kishindo. "Lem? Tufaha? Mwanamume huyu akila tufaha midomo inamvimba, anashindwa hata kuomba maji! Mwulize mama yeyote mji huu!"

"Labda hakula, aliishika tu," Beede alisema.

"Njoo hapa mlangoni." Alimvuta mkono wa koti mpaka nje, akaonyesha uwanja nyuma ya posta, ambako vijana walikuwa wanacheza besiboli kwa kelele. "Unawaona wale tisa? Timu ya mji. Wanaitwa Wana wa Likizo. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Wote tisa wamezaliwa Novemba 1864. Wakunga walikuwa wawili tu, walikonda! Kila mwanamke ambaye mume wake alishuka ile treni ya Februari, baada ya miezi tisa alikuwa na mtoto kifuani. Mimi Ruth wangu nimemzaa Julai mwaka uliofuata. Rudi nyuma miezi tisa. Unafika wapi?"

"Oktoba," alisema Beede.

"Oktoba! Au nikueleze zaidi?"

"Hapana, mama. Imetosha." Masikio ya Beede yalikuwa mekundu.

Alirudi ndani akakaa. Mtoto si ushahidi. Wakubwa wake wangecheka. Lakini kulikuwa na swali ambalo halikuwa kwenye faili, wala ombi la kwanza wala la pili, akaona aibu kwamba na yeye amekaa siku tatu bila kuliuliza.

"Kama Februari hukuwa hapa, ulikuwa wapi?"

Sindano ilisimama. Haskett alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Miaka ishirini na mitatu wananiuliza Oktoba," alisema. "Oktoba, Oktoba. Hakuna aliyewahi kuniuliza Februari. Tuliokataa kusaini hatukwenda likizo, bwana. Tulikopeshwa. Wachache huku, wachache kule. Mimi na Silas Morrow, Mungu amrehemu, tulipelekwa kwa Wamichigan, kikosi chao cha arobaini na moja. Tuko Tennessee, tunachimba mitaro kwenye barafu, na wale jamaa wanatucheka kila asubuhi, eti yatima wa Wisconsin."

"Walikulisha?"

"Maharage. Na biskuti za kuvunja meno."

Beede alimeza kahawa yote mara moja, ikamuunguza. Karani wa kikosi anaweza kusahau nani kafa na nani kapandishwa cheo. Nani kala hasahau, kwa sababu bila kumwandika mtu, chakula chake hakitoki. Alivuka barabara karibu na kukimbia, akapiga telegramu kwenye makao ya kumbukumbu za vita: vitabu vya Michigan ya 41, Februari 1864.

Jibu lilifika Ijumaa, saa nne kasoro asubuhi. Beede alikuwa kwenye duka la mikate la Eben Crull, anakula mkate wa moto kwa siagi. Crull alikuwa sajini mkuu wa kombania G, mtu wa tumbo na maneno mengi, lakini kwa siku zote hizi akimwona mkaguzi anapata kazi ya haraka ndani kwenye tanuri. Leo alikuwa anaandika chaki ubaoni, mikate ya wateja wa asubuhi. Hubbard, miwili. Hale, mmoja.

Beede aliacha kutafuna.

"Bwana Crull, nani alikufundisha kuandika?"

"Bi Orpha Lunt. Nani mwingine? Kombania nzima tulipita kwake. Alikuwa na rula ya chuma, ukikosea H unaipata hapa." Akaonyesha vifundo vya vidole. "H ya Corliss Mills ni moja."

Beede alifungua orodha pale pale juu ya unga. Hale. Hoyt. Hubbard. Haskett. Vidole vinne, mwalimu mmoja. Jana alikuwa ameinama kwa furaha na kioo chake, analinganisha mkono wa mtu na mkono wa mji mzima! Alijitukana kimoyomoyo, tena kwa jina kamili.

"Ulikaa naye benchi moja, wewe na Lemuel?"

"Miaka mitano," Crull alisema, na papo hapo uso wake ukaonyesha anatamani kulirudisha neno.

Beede alitoa telegramu mfukoni. Akaisogeza mbele ya Crull. HASKETT L. WA 57 WISCONSIN ALIPOKEWA MICHIGAN 41 FEBRUARI 3. ALIRUDISHWA MACHI 14. ALICHUKUA POSHO KILA SIKU.

Crull alisoma, akasoma tena. Akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena ingawa ilikuwa imeshakuwa mikavu.

"Siku hizo kikosi kizima kilikuwa hapa," Beede alisema taratibu. "Waliosaini wote. Sasa mtu aliyesaini alikuwa anafanya nini Tennessee?"

"Tulipungukiwa na mmoja," alisema Crull. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Mmoja tu! Mia mbili ishirini na saba. Kapteni alikuja hemani na orodha, akanipa kalamu. Akasema, Lem mwisho atakubali, wewe tangulia tu. Mkono wake niliujua. Nikaandika."

"Na Lem hakukubali."

"Lem!" Crull alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. "Ungemhamisha nyumbu upesi zaidi."

"Miaka ishirini na mitatu, Sajini. Unamuuzia mkate?"

"Haji. Anakuja Thirza, analipa, hanisalimii." Alielekeza kidevu dirishani, kule zilikotoka kelele za besiboli. "Yule mrefu anayerusha mpira ni wangu. Kila nikimtazama najua ametoka wapi. Nikisema ile likizo ilikuwa ya wizi, nimesema na yeye ni wa wizi. Mdomo haufunguki, bwana. Nimejaribu."

"Leo utafunguka? Kwa kiapo?"

Crull aliangalia mlango, akaangalia tanuri. Mkate ulikuwa unaanza kuungua na wala hakuugusa.

"Niapishe sasa hivi," alisema. "Kabla sijaogopa tena."

Saa nane mchana walikuwa wanne mbele ya meza ya Jaji: Beede, Crull, Haskett na mke wake. Nje uwanjani watu walikuwa wanapanga mabenchi kuzunguka jiwe, bado limefunikwa turubai. Jaji alisoma kiapo cha Crull, akasoma telegramu, akaviweka juu ya historia yake.

"Eben, wewe ni mjinga," alisema.

"Ndiyo, Kapteni."

"Bwana Beede, toa jina hilo moja, tunabaki mia mbili ishirini na saba. Unajua maana yake? Tulipigana mwaka mmoja na nusu zaidi kwa namba isiyo yetu. Atlanta, na mito yote ile. Jiwe limeshachongwa, Kikosi cha Wakongwe wa Kujitolea. Utalivunja?"

"Mimi sivunji mawe, Mheshimiwa. Naandika ripoti."

"Basi iandike vizuri." Jaji aliinama mbele, na sauti ikalainika. "Kosa la karani. Makarani hukosea, wewe mwenyewe umesema. Alama ya utoro inafutwa leo. Fundi ana patasi yake hapo nje, mpaka kesho asubuhi jina la Haskett litakuwa kwenye jiwe, pamoja na wenzake waliojiandikisha upya. Hakuna anayeumia."

Beede alikaza macho kwenye kalamu yake. Lilikuwa jambo lote ambalo Haskett ameliomba mara tatu, limewekwa mezani, na treni inaondoka baada ya saa mbili.

"Nichongwe na waliosaini?" Haskett aliuliza.

"Ndiyo, Lem."

"Sikusaini."

"Mungu wangu, Lem, ni jiwe tu!"

"Ni jiwe. Ndiyo maana sitaki liseme uongo, kwa sababu halitanyamaza."

Jaji alimgeukia mke. "Thirza, mwambie mumeo. Wewe umeteseka kuliko yeye."

"Nimeteseka," Bi Thirza alisema. "Benchi letu kanisani hakuna anayekaa nasi mpaka kanisa lijae. Ruth aliposwa, posa ikavunjwa. Nimekuwa mke wa mtoro miaka ishirini na mitatu, Orrin Penhallow, na nimelala usingizi mzuri, kwa sababu sikuwa. Sasa unataka uniamshe uzeeni niwe mke wa mwongo? Thubutu!"

Jaji alisimama. Alikuwa mkubwa bado, na hasira ilimrudishia miaka ya ukapteni. Akapiga meza, kurasa za historia zikaruka.

"Basi andika! Andika niliamuru mimi, Orrin Penhallow, kapteni. Vijana mia mbili ishirini na saba waliwaona mama zao kwa ajili ya mstari mmoja wa wino. Sabini kati yao hawakuwaona tena, niliwazika mimi. Sitaomba radhi kwa mtu. Ningeamuru tena hata kesho!"

"Na mimi ningekataa tena hata kesho, Kapteni," alisema Haskett.

Walitazamana juu ya meza. Hakuna aliyeinamisha macho. Crull peke yake ndiye aliyekuwa analia, bila kujificha.

Beede aliandika kauli zote mbili kama zilivyotamkwa, moja chini ya nyingine, akawasogezea karatasi. Jaji alisaini kwanza, karibu atoboe karatasi. Haskett alifuata. Beede akaandika pendekezo lake chini, akaukausha wino, akalisoma kimya kutafuta kosa. Halikuwa na kosa.

"Unasemaje hapo?" Bi Thirza aliuliza.

Beede alisoma. "Lemuel Haskett, kombania G, Kikosi cha 57 cha Wisconsin, hakutoroka. Alitakiwa kujiandikisha upya, akakataa, na ilikuwa haki yake kukataa. Alimaliza miaka yake mitatu, akaenda nyumbani."

Haskett alipangusa uso kwa kiganja, mara moja tu, kwa nguvu. Mke wake alikwenda dirishani akasukuma kioo juu mpaka mwisho. Kelele za mabenchi ziliingia chumbani, na sauti za wanaume wa kombania G wakibishana nani akae mbele.

"Isome tena," alisema. "Kwa sauti. Wako hapo chini wote."

"Mama, huu ni waraka wa serikali, siyo—"

"Mtoro walimwita kwa sauti."

Beede alimtazama Jaji. Jaji alikuwa amewapa mgongo. Kwa miaka tisa ya kazi Harlan Beede hakuwahi kupaza sauti mahali popote. Alisimama dirishani, karatasi mikononi, akavuta pumzi, akaanza na jina.